Mashine ya Kukalia Haikatizi Mteremko

Masika iliyopita niliitwa kwenye shamba moja la michungwa huku Muheza. Mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia yenye usukani, ilikuwa imelala ubavu mtaroni, tairi mbili zinatazama juu, petroli inachuruzika kwenye majani. Kijana aliyekuwa akiiendesha alikuwa amekaa chini ya mchungwa ameshika goti. Alhamdulillahi, mzima. Nikafuata alama za tairi kwenye udongo mwekundu, nikaona alivyokata: kutoka ubavu mmoja wa kilima hadi ubavu wa pili, akiukatiza mteremko, mistari imenyooka vizuri kabisa. Alikuwa anafanya kosa kwa ustadi mkubwa.

Kosa hili nalijua linakotoka, na sisi maafisa ugani tuna sehemu yetu. Miaka yote tumewaambia mlime kwa kukinga mteremko, mpande kwa kontua, yaani kwa mistari inayofuata usawa wa kilima, mchimbe makinga maji, ili mvua isibebe udongo. Halafu wengi mlianza na mashine ya kusukuma kwa mikono, ambayo kweli hukatiza mteremko, maana ukishuka nayo ukateleza, mguu unaingia kwenye visu. Hayo yote ni sahihi, endeleeni nayo. Lakini mashine ya kukalia ni kinyume. Hupanda moja kwa moja, hushuka moja kwa moja.

Sababu iko kwenye tairi. Chukua mashine ambayo tairi ya kushoto na ya kulia zimeachana sentimita 80. Ikikatiza mteremko wa nyuzi 10, tayari imeinama nyuzi 10. Sasa tairi ya upande wa juu ipande kichuguu cha sentimita 10 tu, kile kinachofichwa na nyasi. Hapo umeongeza nyuzi 7 nyingine, zimekuwa 17, na wewe mwenyewe umekaa juu ya kiti ukiongeza uzito wa kuivuta bondeni. Tairi ya chini ikitumbukia kwenye shimo, hesabu ni ileile. Ukipanda na kushuka wima, kichuguu hichohicho kinakutikisa tu, kwa sababu kwa urefu mashine imejitanua zaidi kuliko kwa upana.

Kwa hiyo pimeni. Msiniambie "huu mteremko mdogo, afisa", jicho linadanganya. Tafuta ubao ulionyooka wa mita 1 kamili, pima maji ya fundi mwashi, na futi. Ncha moja ya ubao iweke chini upande wa juu, ncha ya pili inyanyue mpaka povu la pima maji likae katikati. Pima kutoka ncha iliyonyanyuliwa kwenda chini wima mpaka udongoni. Ukipata sentimita 18, huo ni mteremko wa nyuzi 10. Ukipata 27, ni nyuzi 15, na vitabu vingi vya mashine hizi vinakataza kuzidi hapo. Kitabu cha mashine yako kikitaja pungufu, fuata kitabu. Mimi kwa udongo wetu huu unaoteleza nawaambia mwishie sentimita 18. Na pimeni pale penye mteremko mkali kuliko pote, si pale karibu na nyumba mnapoegesha.

Kipimo cha pili hakihitaji hata futi: kama mashine haiwezi kupanda hapo kwa kurudi rivasi, au moyo wako unasita, hapo ni pa kwanja.

Najua swali linalokuja: miche imepandwa kwa kontua, nitapitaje juu-chini? Kama nafasi ni mita 6 hadi 8 na mistari inaonana pande zote mbili, ya kukatiza na ya kushuka, pita kwenye njia zinazoshuka. Kama haionani, fyeka kwa mkono. Ndiyo, ni kazi zaidi. Kibarua wa siku mbili ni nafuu kuliko kununua usukani mpya, na goti halinunuliwi.

Kwenye ukingo wa mtaro au bonde, acha upana wa mashine mara mbili bila kuugusa. Yenye visu vya inchi 42 hukata sentimita 107, kwa hiyo acha zaidi ya mita 2. Weka alama kwa vigingi vilivyopakwa chokaa. Msitandaze kamba ya katani chini kwenye nyasi, kwa sababu ikivutwa na visu itajizungusha kwenye ekseli ya visu mkeshe mkiichambua.

Ukiwa mteremkoni, gia ya chini, mwendo wa taratibu. Usigeuze katikati, geuza juu kabisa au chini kabisa palipo tambarare. Usishuke frii. Tairi zikianza kuzunguka bila kupanda, zima visu, kisha shuka polepole ukiwa umenyooka. Usitoe mguu kuizuia, mguu hauzuii chuma. Kikapu cha nyasi kikijaa kimwage kabla ya kupanda tena. Na mtoto hapakatwi, hata mzunguko mmoja.

Mashine yenye upinde wa chuma nyuma ya kiti, upinde uwe umesimama na mkanda ufungwe. Isiyo na upinde, mkanda usifungwe, usije ukafungwa nayo ikipinduka.

Hili linalofuata limeniudhi kweli. Kwenye ile mashine ya mtaroni nilikuta swichi ya chini ya kiti imekazwa kwa mpira wa baiskeli, ili mtu akiinuka injini isizime. Kijana aliporuka, visu viliendelea kuzunguka. Nani aliwafundisha hivi? Swichi ile ndiyo inayosimamisha visu wewe ukishatoka kitini. Kila asubuhi kabla ya kazi, mashine ikiwa tambarare, washa visu, jiinue kidogo bila kushuka. Injini isipozima, siku hiyo hakati mtu nyasi, mashine inapelekwa kwa fundi.

Wakati ni muhimu kama kipimo. Kabla ya saa nne asubuhi umande bado upo, tairi zinateleza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ikinyesha usiku ngojeni mpaka mchana, kisha mtembee kwanza juu na chini kwa miguu. Buti likiteleza, tairi nayo itateleza. Katika kutembea huko ndipo mnapoona visiki na vichuguu, viwekeeni vigingi. Kisu kiwe juu, sentimita 8 hadi 10, na msiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja, maana mteremko ukikatwa mpaka udongo uonekane, mvua ya kwanza inauchukua.

Ukiona mistari inashuka sawasawa na udongo haujachubuliwa na tairi, umekata vizuri. Nyasi za kingoni zilizobaki, chukua kwanja.