Chapati na Maharage ya Nyumba ya Mwanasesere: Hatua kwa Hatua kwa Udongo wa Polima

Anayeanza kufinyanga vyakula vya nyumba ya mwanasesere huhangaika mno na umbo, akasahau kwamba kinacholidanganya jicho ni rangi. Chapati ya udongo iliyo duara kamili lakini yenye rangi moja tupu huonekana kama kitufe cha koti, ilhali ile iliyokwenda upande kidogo, yenye mabaka ya kahawia mahali panapostahili, humfanya mtu ainame kuinusa. Kwa sababu hiyo namshauri kila mwanafunzi aanze na chapati kabla ya keki na matunda.

Hatua ya 1: Pima chapati ya kweli

Kipimo kinachotumiwa zaidi katika kazi hii ni 1:12, yaani futi moja ya kweli huwa inchi moja. Ndicho kilichotumika hata katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyoko Windsor, Uingereza, iliyojengwa kati ya 1921 na 1924. Chukua rula, pima chapati ya jikoni kwako, kisha gawanya kwa 12. Chapati ya sentimita 24 itakuwa ya sentimita 2, na bakuli la sentimita 14 litakuwa na upana wa milimita 12 hivi. Unene ndio pekee tunaoudanganya, kwa kuwa chapati ya milimita 3 ingetoka na robo ya milimita, nayo ingechanika mkononi. Mimi husukuma hadi milimita 0.8 na sijaona mtu aliyelalamika.

Hatua ya 2: Kanda na uchanganye

Udongo wa polima si udongo wa mfinyanzi. Ni chembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kilainishi na rangi, nao hubaki laini mpaka utakapookwa. Kanda mafungu matatu ya udongo unaopitisha mwanga pamoja na fungu moja la mweupe, kisha ongeza punje ya rangi ya manjano ya haradali, ndogo kuliko unavyodhani. Usitumie mweupe mtupu, kwa sababu huzuia mwanga na chapati ikafanana na chaki. Nawa mikono na ufute meza kabla ya kuanza, kwani udongo wa rangi nyepesi hunasa kila uzi wa nguo na kila unyoya wa paka.

Wanaofanya kazi hii Dar es Salaam au Mombasa miezi ya joto wataona udongo ukinata vidoleni. Uweke kwenye friji dakika kumi. Ukiwa bado umelegea mno, ulaze kati ya karatasi mbili nyeupe za kawaida kwa saa chache ili zifyonze kilainishi kilichozidi.

Hatua ya 3: Sukuma, kata, utie ngozi

Sukuma udongo juu ya kigae laini kwa chupa ya kioo, kisha kata miduara kwa kifuniko chochote chenye upana wa sentimita 2. Tembeza kidole ukingoni ili kuondoa alama ya mkato na kuvuruga uduara kidogo. Sasa finyanga kipande cha foili kiwe kitonge, ugongegonge nacho uso wa chapati, kisha urudie kwa nyuzi za mswaki mkavu. Mwisho inua kila chapati na uisukume kutoka chini kwa ncha ya kalamu ya bolpeni, mahali patatu au panne, ili pafure.

Chapati moja irarue kabla ya kuokwa, kama mtu aliyekwisha kumega tonge la kwanza. Usiikate kwa wembe, kwani hakuna anayekata chapati mezani kwa wembe.

Hatua ya 4: Ipike kwa chaki

Hapa ndipo penye kazi. Itazame chapati halisi kwa makini: mabaka ya kahawia hukaa juu ya sehemu zilizofura, kwa kuwa hizo ndizo zinazogusa kikaango inapogeuzwa, na mabonde yaliyo katikati yake hubaki meupe. Kwangua chaki za rangi za wasanii kwa wembe upate vumbi la haradali, la kahawia na la kahawia iliyokolea. Pakaza haradali kwanza, hafifu, karibu uso mzima. Kisha laza brashi laini ubavu, uipitishe juu juu ikiwa na vumbi la kahawia, nayo itashika vilele tu na kuyaacha mabonde, sawasawa na kikaango kinavyofanya. Iliyokolea iwe vidoa vichache, tena si vya ukubwa mmoja. Geuza upande wa pili na usiufananishe na wa kwanza.

Vumbi hili hushika vizuri kwenye udongo mbichi, hivyo usingoje mpaka uoke.

Hatua ya 5: Maharage

Viringisha uzi mwembamba wa udongo wa kahawia nyekundu, ukate vipande vya milimita moja, kila kimoja ukipe mviringo kwa ncha ya kidole, kisha uvioke dakika kumi. Finyanga bakuli juu ya gololi na ulioke pia. Jaza nusu ya bakuli kwa mabaki ya udongo, kwa sababu maharage ya chini hayaonekani na hakuna haja ya kuyahesabu. Juu yake mwaga maharage yaliyochanganywa na udongo wa polima wa majimaji, uliotiwa vumbi la kahawia na kidogo cheupe kuwa tui la nazi. Udongo huu huvumilia kuokwa mara nyingi, kwa hiyo usiogope kulirudisha bakuli ovenini.

Hatua ya 6: Kuoka

Fuata joto lililoandikwa kwenye pakiti, ambalo kwa aina nyingi ni kati ya digrii 110 na 130 za selsiasi, kwa muda wa takriban nusu saa. Nunua kipimajoto cha ndani ya oveni. Kitasa cha oveni yangu ya kwanza kilionyesha 130 huku ndani kukiwa na 155, na chapati kumi na mbili zilitoka na rangi ya ngozi ya kiatu. Joto likipita 175 PVC huanza kuungua na kutoa gesi yenye asidi. Hilo likitokea, zima oveni, fungua madirisha, utoke. Wakati wa kuoka, funika chapati kwa foili isiyozigusa, na baadaye uziache zipoe humo humo kabla ya kupima ugumu wake, kwani zikiwa moto hulegea kama mbichi.

Mng'ao wa mafuta upakwe kwa vanishi ya maji, vidoa viwili vitatu tu. Rangi ya kucha haifai, maana baada ya muda huanza kunata. Zipange chapati nne kwenye sahani, na ile iliyoraruliwa iwe juu, upande uliomegwa ukielekea kwenye bakuli.