SOMO: Kusasisha themu ya WordPress bila kupoteza ulichokitengeneza

Wakuu, habari za muda huu. Somo hili ni la wale wanaojisimamia wenyewe: umelipia hosti (kampuni inayohifadhi tovuti yako), umesimika WordPress (programu ya kuendesha tovuti), na kila ukiingia dashibodi unakuta kile kiduara chenye namba kikikuambia kuna themu (vifurushi vya mafaili vinavyoipa tovuti mwonekano) zinasubiri kusasishwa. Najua wengi wenu mnakipita tu. Hata mimi nilikipita kwa miezi, kwa sababu niliwahi kuumia.

Nilikuwa nasimamia tovuti ya nyumba ya wageni. Namba ya malipo ya simu niliiandika moja kwa moja ndani ya faili la footer.php la themu, lile la sehemu ya chini ya kila ukurasa. Siku moja nikasasisha, tovuti ikafunguka vizuri, nikafunga kompyuta. Namba ilikuwa imefutika. Siku mbili nzima wageni hawakuona pa kulipia, mpaka mwenye nyumba akanipigia simu kuuliza kulikoni. Hakukuwa na ujumbe wowote wa hitilafu, kwa sababu WordPress ilifanya hasa inachotakiwa kufanya.

Kinachofanyika ni hiki. Ukibonyeza kusasisha, folda yote ya themu iliyomo wp-content/themes huondolewa, na folda mpya huwekwa mahali pake. Faili la zamani na jipya hayachanganywi. Ulichoandika ndani ya folda ile kinaondoka nayo. Makala, kurasa, maoni na mipangilio havimo humo, vimo kwenye hifadhidata. Picha zimo wp-content/uploads. Hivyo haviguswi. Kwa hiyo, kabla ya kuogopa sasisho, jiulize vitu vyako umeviweka wapi.

Hatua ya 1: Jua kama folda imeguswa

Kama tovuti uliirithi kwa fundi mwingine, usimwamini akikuambia hakugusa kitu. Angalia toleo la themu unayotumia, pakua toleo lilelile likiwa safi, kisha linganisha folda mbili hizo. Kwenye Windows ipo programu ya bure inaitwa WinMerge, inakuonyesha faili gani limebadilishwa na mstari upi. Kwenye Linux amri ya diff -r inatosha. Kila tofauti utakayoiona iandike pembeni, maana ndiyo orodha ya vitu utakavyovihamisha.

Hatua ya 2: Bekapu

Unahitaji vitu viwili: folda ya wp-content na hifadhidata. Kwenye cPanel (paneli ya kusimamia hosti), ingia sehemu ya kusimamia mafaili, bana wp-content iwe zip, ipakue. Hifadhidata itoe kupitia phpMyAdmin, zana ya kusimamia hifadhidata. Ukitaka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ikufanyie yote, UpdraftPlus inaweza. Cha msingi, nakala isibaki kwenye seva ileile peke yake. Seva ikifa, inakufa na bekapu yako.

Hatua ya 3: Tengeneza themu mtoto

Hapa ndipo kwenye kiini cha somo, twende taratibu. Themu mtoto ni folda ndogo inayokaa pembeni ya themu mama, yaani ile themu kamili unayotumia. Mama anasasishwa, mtoto haguswi. Ndani yake anza na faili la style.css lenye mistari hii:

/*
Theme Name: Wageni Mtoto
Template: twentytwentyone
*/

Neno lililo mbele ya Template ni jina la folda ya mama, herufi kwa herufi. Si jina la kupendeza unaloliona kwenye dashibodi. Ukikosea herufi moja, WordPress itakuambia mama hayupo.

Ukitaka kubadilisha footer.php, nakili faili hilo kutoka kwa mama, liweke kwa mtoto, libadilishe huko. WordPress itatumia la mtoto. Ila functions.php, faili la msimbo wa themu, ina tabia tofauti, na wengi huangukia hapo: ya mtoto haichukui nafasi ya ile ya mama. Zote mbili husomwa, ya mtoto ikitangulia. Ukinakili functions.php nzima ya mama, mara nyingi kazi (function) zilezile za msimbo zitatangazwa mara mbili na tovuti itakufa papo hapo. Andika mistari yako mipya tu, ikiwemo ya wp_enqueue_style ya kuita style.css yako, kama mama haiiti mwenyewe.

Jambo jingine: nembo, rangi na CSS (msimbo wa mwonekano) ya ziada uliyoweka kwenye sehemu ya kurekebisha mwonekano huhifadhiwa kwa jina la themu. Ukimwasha mtoto utaona kama vimepotea. Havijapotea, viko kwa mama. Vinakili kwanza, ndipo uwashe mtoto.

Hatua ya 4: Jaribu pembeni

Hosti nyingi zenye Softaculous au WP Toolkit (zana za kusimika na kusimamia WordPress) zina kitufe cha kutengeneza nakala ya majaribio ya tovuti. Sasisha huko kwanza. Nakala hiyo ifunge kwa neno la siri, Google isije kuiorodhesha.

Hatua ya 5: Sasisha

Soma maelezo ya mabadiliko ya toleo jipya, hasa toleo linalohitajika la PHP, lugha ya msimbo inayoendesha WordPress kwenye seva. Chagua asubuhi ya katikati ya wiki. Ijumaa usiku huduma kwa wateja ya hosti yako huenda haipokei simu. Hakikisha una themu moja ya asili ya WordPress iliyosimikwa bila kuwashwa. Hiyo ndiyo ya kukimbilia mambo yakiharibika. Nyingine usizotumia zifute kabisa, kwa sababu hata themu iliyozimwa ikiwa na tundu la usalama ni mlango.

Ukimaliza, safisha kache (nakala za muda za kurasa), fungua tovuti kwa simu ukiwa hujaingia kama msimamizi. Jaza fomu ya mawasiliano mwenyewe. Nunua kitu dukani mwako. Tazama namba ya malipo kwa macho yako.

Ikiharibika

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, hitilafu kubwa ikitokea WordPress hutuma barua pepe kwa msimamizi yenye kiungo cha kuingilia kwa njia ya uokoaji. Barua isipofika, ingia kwenye mafaili ubadilishe jina la folda ya themu. Dashibodi itafunguka, na ukiingia kwenye sehemu ya themu WordPress itarudi kwenye themu ya asili. Toleo la 6.3 la 2023 liliongeza kurudisha themu ya zamani kama usimikaji umekwama katikati. Lakini hilo halikusaidii kama usimikaji umefaulu na muonekano ndio umeharibika. Hapo ni bekapu yako tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Shukrani kwa somo. Mimi themu yangu niliinunua, na dashibodi hainionyeshi sasisho lolote. Ina maana iko salama?

Hapana, ndugu yangu. Themu za kununua nyingi hutaka uweke namba ya leseni ndipo zipate taarifa. Ingia ulikonunua, pakua zip mpya, ipandishe kama unayeongeza themu. Tangu toleo la 5.5, WordPress itakulinganishia matoleo mawili na kukuuliza kama ubadilishe. Folda inafutwa vilevile, kwa hiyo hatua ya 1 mpaka ya 4 zinakuhusu.

Mwanachama, Arusha: Mkuu, rafiki alinipa themu ya kulipia iliyovunjwa leseni. Naisasishaje?

Mkuu, hiyo usiisasishe, itoe. Themu hizo mara nyingi hufichwa msimbo wa kufungulia wengine mlango wa nyuma. Chukua ya bure kwenye orodha rasmi ya WordPress, kisha badilisha nywila zote na kagua orodha ya wasimamizi kama kuna usiyemjua.

Mwanachama, Dodoma: Natumia themu ya bloku, ile ambayo kurasa zake zote huhaririwa kwa vipande ndani ya kihariri cha tovuti. Nimesasisha, sioni kilichobadilika.

Kiolezo ulichokihariri kwenye kihariri cha tovuti huhifadhiwa kwenye hifadhidata, na ndicho kinachoonyeshwa badala ya cha themu. Kwa hiyo kazi yako haikupotea, lakini marekebisho mapya ya kiolezo hicho hayakufikii. Fungua orodha ya violezo, kinakili ulichohariri, kisha kirudishe kwenye hali ya awali uone kipya kikoje.

Mwanachama, Mwanza: Dada, nimesasisha sasa hivi, umeme ukakatika. Tovuti inasema iko kwenye matengenezo na nikirudia ni hivyohivyo. Nina wateja!

Tulia. Ingia kwenye mafaili, washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kwenye folda kuu tafuta faili linaloitwa .maintenance, linaloanza na nukta. Lifute. Kisha angalia kama themu imekamilika, ikibidi isimike upya.

Mwanachama, Mwanza: Nimelifuta, imefunguka. Themu inaonyesha toleo la zamani.

Basi sasisho halikuwahi kuingia. Chukua bekapu kwanza, ndipo urudie.