Somo: Kupanga chesisi ya gari la dragi, kitabu kinasemaje na lami inajibuje

Wakuu habari za muda huu. Wadau wengi wananiuliza kuhusu kuseti gari kwa ajili ya dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka, kuanzia gari limesimama), hasa hizi Toyota Mark II za GX100 na JZX100 maana ndo zimejaa mjini. Watu wanamwaga hela kwenye injini, wanazunguka Kariakoo na Gerezani kutafuta turbo, halafu gari likifika kwenye mstari linazungusha tairi palepale na jamaa mwenye nguvu ndogo anapita zake. Nguvu ipo ila haifiki chini. Leo naongelea chesisi tu, na ujue mapema kwamba vitabu vingi vya dragi vimeandikwa Marekani kwa magari ya V8 yenye ekseli nzima nyuma (tairi mbili za nyuma zimeungwa kwa ekseli moja ngumu), ukivibeba vilivyo ukavipachika kwenye Mark II unapotea kabisa.

Na haya ni ya sehemu iliyofungwa yenye ruhusa, sio Bagamoyo Road usiku. Kule kuna bodaboda na watu wanavuka, tusiue watu.

Hatua ya 1: bushi (raba za kwenye maungio ya chini ya gari). Kitabu kinachukulia gari lako halina mchezo wowote. Gari zetu zimeshuka bandarini zikiwa na miaka yake na mashimo ya mjini yakamalizia. Weka gari kwenye stendi, sio jeki tupu, ingia chini na mtarimbo, sukuma mikono ya nyuma (vyuma vinavyounga tairi na bodi) na raba zinazoshika difu (gia za nyuma zinazopeleka nguvu kwenye tairi). Ukiona mkono unacheza basi umepata sababu ya nyuma kudunda wakati wa kuondoka: tairi inashika, mkono unajipinda kwenye bushi, inaachia, inashika tena, yote haraka haraka, na hapo ndo ekseli zinakatika. Usiguse kitu kingine kabla hujamaliza hili.

Hatua ya 2: jua uzito wako. Tafuta mizani ya malori, pandisha gari zima ukiwa umekaa ndani, andika, kisha pandisha tairi za mbele tu, andika. Hesabu ya kitabu iko hivi: uzito unaohamia nyuma ni uzito wa gari mara mchapuko (kwa g, yaani ukilinganisha na mvutano wa dunia) mara kimo cha kitovu cha uzito, gawanya kwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Mark II ya GX100 umbali huo ni mita 2.73. Chukulia gari na dereva kilo 1400, mbele asilimia 54, kitovu kiko sentimita 55 juu ya lami, mnaondoka na 0.5 g. Zinahamia kama kilo 141, nyuma inatoka 644 inakuwa 785.

Sasa angalia vizuri hiyo hesabu, springi hazimo. Shokapu hazimo. Hapa ndo watu wengi wanachanganya, wanaona gari limekaa nyuma pua juu wanasema uzito umehama. Kiasi kinachohama hakitokani na gari kukaa, gari linakaa kwa sababu uzito umehama. Ila uwanjani utaona springi na shokapu zina kazi kubwa sana, maana zenyewe ndo zinaamua huo uzito unafika kwenye tairi haraka au polepole, na tairi inapokea kwa kusukumwa au kwa kupigwa. Kitabu kinakupa kiasi, lami inakupa muda.

Halafu hicho kimo. Vitabu vya Kimarekani vinasema kadiria kwa kimo cha kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini). Sawa kwa V8 ya zamani ambayo kamshafti iko katikati ya bloku. Injini zetu za Mark II, 1G na 1JZ, kamshafti ziko juu kabisa kwenye silinda hedi, ukifuata hivyo unapata namba kubwa ya uongo.

Hatua ya 3: kemba (mlalo wa tairi) na upepo. Gari limeshushwa, tairi za nyuma zimelala kwa ndani, linapendeza kwenye picha. Kwenye dragi nyuma ikikaa kidogo zinalala zaidi na unabaki unashika lami kwa ukingo wa ndani tu. Mwambie fundi wa alaimenti apunguze mlalo, lengo tairi isimame wima gari likiwa limekaa, sio likiwa limepaki. Upepo, kwa tairi ya kawaida ya barabarani anza na 30 PSI, shusha 2 kila raundi, kila mara angalia alama tairi iliyoacha kwenye lami. Alama ikiwa nzito kingoni na nyepesi katikati, umeshusha mno, rudisha. Na pima muda uleule na hali ileile, kila nyuzi 6 za joto zinaongeza kama 1 PSI, kwa jua letu la Januari asubuhi na saa nane ni tairi mbili tofauti.

Hatua ya 4: shokapu. Kama zako zinarekebishika, za mbele legeza wakati wa kutanuka ili pua ipande bila kuzuiwa. Weka simu chini usawa wa tairi ya nyuma, rekodi slow motion. Tairi ikizunguka papo hapo wakati nyuma inashuka kwa kishindo, kaza shokapu za nyuma upande wa kubana kidogo kidogo. Ikishika vizuri halafu ikaachia baada ya urefu wa gari moja hivi, angalia mbele: pua imefika mwisho na inarudi chini, inakunyang'anya uzito. Hapo kaza mbele kidogo. Badilisha kitu kimoja tu kwa raundi.

Maswali ya wadau

Mdau wa Tabata: Mkuu nimesoma tairi ya nyuma kulia inapoteza uzito, niweke springi ngumu upande huo?

Jibu: Hiyo ni kweli kwa ekseli nzima, kama Hilux, maana propela inaizungusha ekseli yenyewe na kulia kunanyanyuka. Mark II difu limefungwa kwenye bodi, lile zungusho linaishia kwenye bodi. Acha springi zilingane kaka.

Mdau wa Mbagala: Vipi nikikata springi za nyuma?

Jibu: Hapana aisee. Kwanza kemba inaharibika zaidi. Pili safari ya springi inaisha, gari linagonga raba ya mwisho na tairi inapata kishindo kimoja inaachia.

Mdau wa Kimara: Mfuko wa saruji kwenye buti unasaidia?

Jibu: Unasaidia kushika na unaongeza kilo 50 za kusukuma, na ukifunga breki mfuko unakuja na wewe. Hamisha betri kwenye buti, ifungwe kwa bolti na iwe na tundu la hewa kwenda nje. Hapo umetoa mbele umeweka nyuma, gari halijaongezeka uzito wa maana.

Mdau wa Kigamboni: Mimi nina Subaru, nilegeze mbele pia?

Jibu: Usifanye hivyo dada, wewe unasukuma kwa tairi nne, ukiachia pua ipande unazinyima za mbele. Kwako nyuma iwe ngumu zaidi isikae sana.

Mdau wa Tegeta: Hatuna taa wala mashine za muda, nitajuaje nimepata faida?

Jibu: Pima kwa futi kamba mita 18.3 kutoka mstarini, ndo zile futi 60 za Wamarekani, weka koni. Mtu asimame pembeni na simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, aone mstari na koni kwenye picha moja. Hesabu fremu tangu tairi ya mbele inapoanza kusogea mpaka inapofika kwenye koni, gawanya kwa 240. Programu za GPS za simu kwa umbali mfupi hivyo haziaminiki. Andika kwenye daftari upepo, saa na ulichobadilisha.