Kabla mume hajalala kitandani moja kwa moja

Maradhi ya kusahau hayarudi nyuma. Ukingoja mpaka mumeo ashindwe kusema, nduguze watasema kwa niaba yake, na kila mmoja atasema lake. Kwa hiyo mali itangulie, angali na akili zake. Wasia wa aliyepotewa na akili hausimami, na wa mzima nao hauvuki thuluthi ya mali. Mbele ya mashahidi aeleze nani anamdai, mahari yako yamebaki kiasi gani, na ile mikarafuu ya bondeni ni yake au ya marehemu kaka yake. Pemba kesi nyingi huzaliwa hapo.

Lipo jambo wanawake hulionea haya. Mgonjwa anaweza kukuona mgeni, akufukuze, hata akutamkie talaka. Talaka ya asiye na akili haipiti. Hata hivyo chukua barua ya daktari uende kwa kadhi mapema, usije ukazuliwa neno wakati wa mirathi.

Waambie majirani, wa barazani na wa dukani, wamrudishe wakimwona anaelekea pwani. Akichafuka akili ghafla, ndani ya siku moja mbili, usiseme ni yale yale: huenda ni maradhi ya mkojo au upungufu wa maji, na hayo hutibika.

Kubwa ni chakula. Mwisho wa maradhi haya mtu husahau hata kumeza. Mkalishe wima, umlishe kijiko kidogo kidogo, na umwache amekaa nusu saa baada ya kula. Maji matupu humpalia upesi kuliko uji mzito, na kinachoingia mapafuni huleta nimonia, ambayo ndiyo huwamaliza wengi. Wageni watakwambia unamuua kwa njaa. Watataka atiwe mpira wa kulishia unaopita puani. Kwa aliyefika hapo haijaonekana kwamba mpira humwongezea umri, naye mara nyingi huuchomoa. Daktari na sheikh waulizwe sasa, watoto wote wakisikia, si usiku ule atakapozidiwa. Siku za mwisho mwili wenyewe hukataa chakula. Mloweshe midomo kwa pamba.

Maumivu hatayataja. Utayajua kwa uso anaoukunja ukimgeuza, na kumgeuza ni kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asiote vidonda. Uliza kama hospitali yenu ina mofini ya kunywa. Anayekaa kisiwani Kojani aamue pia kama mgonjwa atavushwa kwa boti usiku au ataachwa nyumbani. Mimi ningemwacha.

Zamu zipangwe kwa majina. "Tutasaidiana" haimgeuzi mtu saa nane za usiku. Na kwa kuwa utakaa eda miezi 4 na siku 10, vitambulisho, hati na karatasi za pensheni akabidhiwe mapema mtoto mmoja atakayekwenda kwa sheha na maofisini.