Somo: Namna ya kuchagua jina la timu ya mtaa (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila ndondo (mashindano ya mpira wa miguu ya mitaani) zikikaribia naulizwa lilelile: "Kaka, tumeanzisha timu, tuiiteje?" Naandika hapa mara moja.

1. Itisheni kikao, andikeni muhtasari. Utahitajika kwenye usajili.

2. Kusanyeni majina, msichague siku hiyohiyo.

3. Anzeni na mahali. Songea walipoiita timu yao Majimaji, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilipiganwa hukohuko. Ihefu ilibeba jina la ardhioevu ya Usangu, Mbarali. Timu ilipohamia Singida, mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars, jina likabaki na bonde lake. Mtaa wenu nao una mti, kisima au kituo cha daladala kinachojulikana na kila mtu.

4. Lipigieni kelele. Mmoja asimame goli hili alitaje, wa goli lile alisikie. Young Africans, iliyoanzishwa mwaka 1935, ni Yanga tu midomoni mwa watu. Mashabiki watalifupisha lenu mtake msitake, basi lifupisheni nyinyi kwanza mwone kama kifupi chake si tusi.

5. Jina la mfadhili. HAPA NDIPO TIMU ZINAPOFIA. Timu moja ya mtaani kwetu ilichukua jina la duka la mfadhili kwa ahadi ya jezi na mipira. Jezi zikaja, mhuri ukachongwa, fomu za mashindano zikajazwa kwa jina hilo. Katikati ya mashindano mfadhili akakosana na mwenyekiti, akadai jina lake. Waandaaji wakauliza timu iliyoandikishwa ni ipi, pande mbili zikajibu kila moja na lake, na vijana waliofanya mazoezi miezi mizima wakakaa nje ya uwanja wakitazama wengine wakicheza. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Kwa hiyo: mfadhili akae kifuani kwenye jezi, asiingie kwenye katiba. Aking'ang'ania, andikianeni mkataba wenye tarehe ya mwisho. Jina la diwani au mgombea msiliguse kabisa. Na msinitajie Azam wala Mtibwa Sugar. Zile ni timu za kampuni zenyewe, nyinyi mnachangishana nauli.

6. Ulizeni chama cha mpira cha wilaya kama jina limeshachukuliwa.

7. Pelekeni katiba, muhtasari na orodha ya wanachama kwa afisa michezo wa halmashauri. Usajili wenyewe uko kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, Baraza la Michezo la Taifa (BMT).

MASWALI

Winga Teleza: Mkuu, mwenye kiwanda cha matofali anataka timu iitwe jina lake. Tukubali?
— Hatua ya 5.

Winga Teleza: Lakini anatoa jezi seti mbili.
— Hatua ya 5, soma mpaka mwisho.

Mtoto wa Kota: Sisi ni Real Madrid ya mtaani. Kuna ubaya gani?
— Simba walikuwa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, mpaka 1971. Jiulize kama leo kuna shabiki anayetaka kulirudia lile.

Kiungo Mkabaji: Wachezaji wengi ni kabila moja. Jina la kabila?
— Hapana. Kenya, klabu ya Abaluhya, yenye jina la kabila la Waluhya, ililazimika kubadili na kuwa AFC Leopards mwaka 1980. Na mtoto wa jirani wa kabila lingine mnamwambia nini?

Dada Kipa: Shikamoo kaka. Timu yetu ni ya wasichana. Ni lazima jina liishie na Queens?
— Marahaba, swali zuri sana. Si lazima. Simba Queens na Yanga Princess zina klabu za wanaume zilizotangulia, ndiyo maana zinajitofautisha. Nyinyi ndio wa kwanza mtaani kwenu, chukueni jina zima la mtaa, wavulana wakija ndio watafute la kujitofautisha. Tena Simba ya wanaume ilipoanza 1936 iliitwa Queens. Mkipata majina matatu nitumieni, tuyapime pamoja.

Dada Kipa: Asante kaka. Na herufi za mgongoni, za kubandika kwa pasi zinadumu?
— Zikifuliwa vibaya zinabanduka.

Mzee wa Jezi: Geuzeni jezi ndani nje, maji baridi, anikeni kivulini. Na pasi isipite juu ya herufi.