Kabla hujaleta tausi nyumbani

Anza na kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe, uliza masharti, upate karatasi mkononi ndipo utoe hela. Halafu nafasi: mkia wa dume aliyekomaa hufika mita moja na nusu, kwa hiyo fito ya kulalia iwe juu na mbali na ukuta, la sivyo manyoya yatasuguliwa mpaka yakatike. Maji yabadilishwe kila siku na chombo kisuguliwe. Chanjo ya kideri wapate, usingoje kuku wa jirani waanze kufa. Vifaranga usiwape chakula cha kuku wa mayai, chokaa yake inaumiza figo zao.

Sasa hili lisome mara mbili. Usichanganye tausi na kuku, wala usiwaweke mahali kuku walipowahi kukaa.

Nilikuwa na banda la kuku wa kienyeji, sakafu ya udongo, limetumika miaka saba. Nilipopata tausi watatu wa miezi mitano, dume na majike wawili, nikawatoa kuku, nikafagia, nikamwaga majivu, nikapuliza dawa ya wadudu. Nikaona pasafi. Wiki ya tatu jike mmoja akaanza kujitenga, mabawa yameanguka, macho nusu. Kesho yake asubuhi nikaona kinyesi chake chini ya fito: majimaji, rangi ya bizari kabisa. Nikadhani kideri. Nikampa dawa ya unga ya dukani, ile tunayowachanganyia kuku kwenye maji, na siku nne zikapotea hivyo. Akafa. Baada ya siku mbili akafuata mwenzake.

Daktari wa mifugo alimpasua yule wa pili juu ya gunia, mimi nimechuchumaa pembeni. Ini lilikuwa na mabaka ya mviringo yaliyobonyea katikati, utasema mtu amekandamiza sarafu juu yake. Vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vilikuwa vimevimba, ndani vimejaa kitu kigumu kama maziwa mgando yaliyokauka.

"Mama, hili banda lilikuwa la kuku?"

"Ndiyo daktari, lakini kuku wangu hawajawahi kuugua ugonjwa huu."

"Hawaugui sana. Wanaubeba."

Akanieleza. Kuna kijidudu, histomonasi, kinachoishi kwenye utumbo wa kuku na kuingia ndani ya mayai ya mnyoo mdogo wa humo humo. Kikitoka peke yake na kinyesi hufa upesi. Kikiwa ndani ya yai la mnyoo hukaa udongoni miaka, kikisubiri. Nyungunyungu humeza yai, tausi humla nyungunyungu. Majivu yangu yalikuwa kazi bure. Dume alipona kwa dawa aliyoandikiwa, tukamhamishia upande wa pili wa kiwanja, kwenye sakafu ya saruji.

Kwa hiyo: eneo jipya au saruji. Dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari, na kuku wako wapewe pia. Ndala za banda la tausi zikae mlangoni pa banda la tausi, zisiende kwa kuku. Ndege mgeni atengwe siku 30.

Panya nao. Wanafuata chakula, basi chakula kikae kwenye pipa la bati lenye mfuniko, na masalia uyatoe kila jioni. Ukiacha, watakojolea pumba na kuleta salmonela, vijidudu vya kuharisha, wataiba mayai, usiku watatafuna vifaranga. Wavu wa kawaida wa kuku unamzuia tausi tu, panya mdogo anapenya. Weka wavu wa kuchomelea wa matundu yasiyozidi robo inchi, uuzike sentimita 30 na kuukunja kuelekea nje, kwa sababu panya buku anachimba kweli kweli.

Sumu ya panya, hapana. Tausi humeza vipanya vizima, na panya aliyekula sumu huzubaa mchana akawa windo rahisi. Tumia mtego ndani ya sanduku la mbao lenye tundu dogo ambalo kichwa cha tausi hakipiti. Na jirani yako anayetega sumu, mfuate mzungumze kwa heshima, maana panya wake hawajui mpaka.

Mahindi yenye ukungu tupa, hata kama ni gunia zima, sumukuvu haioshwi. Okota misumari na vipande vya waya baada ya fundi kuondoka, tausi hudonoa kinachong'aa. Maji yasituame, mbu huleta ndui ya ndege. Ukiona ndege amejikunyata, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Na kila asubuhi, kabla hujafungua pipa la chakula, inama kwanza utazame kilichoko chini ya fito.