Namna ya Kuitafuta na Kuitunza Okidi Isiyo na Majani

Okidi nyingi hujitengenezea chakula kwa majani yao ya kijani, lakini zipo chache zisizo na jani hata moja, ambazo maisha yao yote hulishwa na kuvu iliyo udongoni. Katika Afrika ya kitropiki, jamii za Didymoplexis, Auxopus na Epipogium ni za kundi hilo. Anayetaka kuzitafuta mkoani Tabora au Kigoma asubiri mvua zikolee, wakati uyoga unapouzwa kando ya barabara, kisha aelekee kwenye vivuli vizito vya mabondeni na kandokando ya vijito badala ya miombo iliyo wazi. Misitu ya Milima ya Mahale ina mazingira ya namna hiyo, ila ni hifadhi ya taifa tangu 1985, hivyo lazima ufuate taratibu za kuingia.

Tembea taratibu ukitazama majani makavu yanayooza. Unachotafuta ni bua jembamba la kahawia au la njano iliyofifia, lenye magamba madogo mahali ambapo majani yangeota. Chunguza ua: likiwa na petali tatu, moja ikiwa na umbo lake la pekee linaloitwa mdomo, na viungo vya kiume na vya kike vikiwa vimeungana kuwa nguzo moja katikati, hiyo ni okidi. Didymoplexis hutambulika hata ua likishanyauka, kwa kuwa kikonyo cha tunda hurefuka sana na kuliinua juu ya majani makavu, ili upepo uzipate mbegu zake zilizo laini kama vumbi.

Usiharakishe kutoa hukumu, kwani Eulophia cucullata, okidi yenye majani inayoota miombo, mara nyingi huchanua kabla ya majani yake kutoka. Weka alama ya mahali hapo kwenye simu, urudi baada ya wiki kadhaa uone kama majani yamechipua.

Nakusihi usiing'oe kwa ajili ya kuipanda nyumbani, kwa maana ukiitenga na kuvu yake umeikatia chakula. Mwaka 1899, Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba hata mbegu za Neottia nidus-avis, okidi isiyo na majani ya misitu ya Ulaya, huota kwa msaada wa kuvu. Na kuvu ya okidi hiyo nayo huungana na mizizi ya miti. Epipogium roseum, kwa upande wake, hutegemea kuvu zinazoozesha mabaki ya mimea. Kwa hiyo, kuitunza okidi ni kuacha miti inayoizunguka isikatwe kwa mkaa wala kwa kukaushia tumbaku, na kuacha magogo yaliyooza palepale yalipo.

Piga picha ya ua kwa mbele na kwa ubavu, ya bua zima na ya tunda, kisha uzipeleke kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na tarehe na aina ya miti iliyo karibu. Mahali hasa ilipo usipatangaze hadharani, kwa sababu viazi vya okidi huchimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na mchimbaji hachagui.